Jina la Walt Ubaoni

Benchi liko mbele ya duka la donati, huku New Jersey, likitazamana na ile maabara iliyofungwa ambamo wakubwa wa kompyuta walikuwa wakikuna vichwa. Hawa wanaolikalia kila asubuhi hawakukuna kichwa humo: Geti alilinda mlango, Supu alipika kantini, na Walt, ambaye wenzake humwita Dasta, alisafisha ofisi miaka thelathini. Leo binti wa makumbusho anakuja kuwauliza habari za wakubwa hao, na Walt amevaa tai. Anataka jambo moja tu liaminike kabla hajafa.

— Dakta Lindqvist, mkubwa wao wote, alinijua kwa jina, alisema Walt.

— Alikujua kwa ndoo, Geti akamjibu. Aliyemjua ni mimi, bwana. Alisahau kitambulisho, nikamweka nje saa nzima na baridi ile. Hapo ndipo alipoiwaza mashine yake. Ningemfungulia, leo mngekuwa mnahesabu kwa vidole.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Supu. Ndiyo maana mashine yenyewe ilijaa chumba kizima. Na akili hiyo ilitoka kwenye supu yangu ya njegere. Siku nilizopika samaki, hawakuvumbua kitu.

— Siku moja ya samaki mashine iliungua, Geti akadakia.

— Husuda za watu hizo.

— Mimi nasema kwa jina, Walt akashikilia. Wenzake wote waliandika ubaoni, "Usifute." Yeye aliandika, "Walt, tafadhali usifute." Na miaka thelathini sikufuta hata nukta.

— Shahidi wako nani? Geti akauliza.

— Ubao.

— Basi mlete, Dasta. Debe tupu haliachi kuvuma.

Binti akafika, akawaamkia, akatoa picha kwenye bahasha.

— Hii tumeikuta kwenye mtoto wa meza wa Dakta Lindqvist. Kuna Walt hapa?

Walt akasimama. Kwenye picha, pembeni chini ya ubao, kwa chaki: Walt, tafadhali usifute. Machozi yakamlengalenga. Geti akavua kofia, na si kawaida yake.

— Samahani, mzee, binti akauliza. Hapo juu palikuwa pameandikwa nini?

Wakainama wote watatu. Sehemu nyingine yote ya ubao ilikuwa tupu, imesuguliwa ikatakata.

Geti akamtazama Supu. Supu akachungulia kikombe chake.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Walt alikuwa bado amesimama, ameishikilia picha kwa mikono miwili.

— Lakini jina si mmeliona?

— Tumeliona, Dasta, akasema Geti. Ndilo pekee ambalo hukulifuta.