Pingamizi la Mama Roselida kwa Ombi Lake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, wahudumu wa kanisa, majirani wa Malaba na wageni wetu kutoka ng'ambo ya mpaka, familia inawashukuru kwa kufika kumsindikiza mama yetu.

Mama Roselida Alaso alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Amukura, mtoto wa tatu wa Mzee Okedi na Mama Ajiko, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1971, akaishia hapo kwa kuwa karo ilikwenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulilalamikia lakini pia hakulisahau.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na marehemu Mzee Stanislaus Omagor, fundi wa reli hapa Malaba, wakajaliwa watoto wanne, Chrispine, Atyang, Mathews na Sylvia, na kuanzia mwaka 1988 akawa akiwapikia madereva wa malori chai na chapati, hata wengine wakawa wanauliza kwanza kama Mama yupo ndipo waulize foleni imefika wapi. Mzee alipofariki mwaka 2003 na kuzikwa hapa nyumbani, mama alibaki akilima ekari hizi tatu za kando ya barabara.

Mwaka 2021 yeye na Chrispine, kifungua mimba wake, waliafikiana kujenga gesti na uwanja wa kuegesha malori, na kwa kuwa shamba halijengwi gesti kabla ya kaunti kuruhusu matumizi yake yabadilishwe, mama alitafuta mpangaji miji, ramani ikachorwa, na tarehe 2 Agosti tangazo likawekwa hapo langoni ili mwenye pingamizi alilete ndani ya siku kumi na nne. Majirani hawakupinga, ila siku ya mwisho mama mwenyewe alipanda bodaboda hadi ofisi za kaunti Busia na barua ya kupinga ombi lake. Karani aliyempokea, ambaye yuko nasi leo, anakumbuka alimwambia, “Mama, huwezi jipinga,” naye akajibiwa, “Aliyeomba ni mfanyabiashara, mimi nimekuja kama mama wa boma.”

Mradi ulisimama miaka miwili. Mama hakueleza sababu, alisema tu kuwa ramani imechorwa vibaya irudiwe, na sisi tulimsihi, tukamshutumu, wengine wetu tukasema uzee umemwingia kichwani. Chrispine alihamia Busia mjini, akawa anakuja nyumbani Krismasi tu. Kibali kilitoka tarehe 20 Novemba 2023 kwa ramani mpya, lakini mama na mwanawe hawakuwa tena watu wa kukaa meza moja.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya ini, akatibiwa Busia na Eldoret, akaaga dunia adhuhuri ya tarehe 11 Februari 2025, Chrispine akiwa bado njiani.

Jumamosi iliyopita, tulipoifungua ramani ile mpya ili tujue pa kuchimba kaburi, tuliona makaburi mawili yametengwa nje ya uwanja wa malori, moja la Mzee Omagor, ambalo hata ramani ya kwanza ilikuwa imeliacha, na jingine dogo karibu na ua, limeandikwa “mtoto wa Chrispine, 2012”. Mtoto wa kwanza wa Chrispine na mkewe Cindy alizaliwa bila uhai, Cindy akiwa amelazwa na Chrispine akiendesha lori Juba, na kwa desturi ya boma hili mtoto wa namna hiyo huzikwa na akina mama wazee, bila matanga wala msalaba, na wazazi hawaonyeshwi mahali. Mpangaji miji aliona nyasi, akachora hapo maegesho. Mama angeweza kujitetea kwa neno moja, lakini neno hilo lingetonesha kidonda cha Cindy, hivyo akakubali kuitwa mzee aliyechanganyikiwa.

Chrispine ameomba haya yasomwe mbele yenu kwa kuwa yeye hawezi kuyasoma. Anasema alimnunia mama yake kwa kosa la kumlindia mtoto wake mwenyewe, na anamwomba msamaha ijapokuwa amechelewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, akina mama wa vibanda alioshirikiana nao kazi, madereva waliosimamisha malori wakaja, na yule karani aliyeipokea barua badala ya kumcheka.

Mama Roselida, lala kwa amani, mjukuu wako yuko hapo kando yako.