Kibao Alichokivuta

Mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa amepakata kamera ya zamani ya mbao, kubwa kama kreti ya soda. Mzee wa pembeni yake, aliyejitambulisha kuwa fundi picha mstaafu, aliigongagonga kama anayechagua tikitimaji. “Binti, lenzi hii peke yake inazidi bei uliyonitajia. Umeipata wapi?”

“Kwa muuza vitu vya mitumba, mzee wangu. Ilikuwa ya marehemu kaka. Shemeji aliiuza nikiwa safarini. Nimeitafuta miaka miwili, na wala si kwa lenzi.” Akatoa kasha bapa la filamu. “Kaka alimpiga mama picha moja humu, kisha wakafuatana kaburini kabla haijasafishwa. Mama hana picha nyingine duniani.”

Mzee aliacha kugonga. “Hujalifungua?”

“Nilivuta kidogo tu kile kibao kinachofunika filamu, pale dukani, nihakikishe imo.”

“Juani?”

“Kivulini,” akajibu, kana kwamba mwanga hubisha hodi kivulini.

“Kasha hili hubeba filamu mbili, moja kila upande. Mama yuko upande mmoja tu, na uliofunguliwa umeungua kwa mwanga. Wewe ulivuta upi?”

Aligeuza kasha, akaligeuza tena. “Sikumbuki, baba.”

“Basi twende kwangu, bado nina chumba cha giza. Nusu saa tu tutajua.”

“Na kama sitaki kujua?”

Treni ilisimama. Mzee alitangulia kushuka, akauzuia mlango kwa mguu. Mwanamke alikuwa bado amekaa, akilifunga kasha kwa mtandio, mkunjo juu ya mkunjo.