Shauri la Mkono wa Kushoto wa Mheshimiwa Nduwayezu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa mahakimu mliotoka Kibondo na Kakonko, wazee washauri wa mahakama, mama yetu Esteri, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliowahi kufungwa hapa Kasulu mkarudi leo kumuaga aliyewafunga: amani iwe kwenu.

Mimi ni Swaumu, karani. Kwa miaka kumi na tisa nimemshikia Hakimu Nduwayezu wino wa muhuri, na nimeona mengi. Lakini ni nani kati yenu aliyewahi kuona mtu akiushtaki mkono wake mwenyewe?

Miaka tisa iliyopita alipasuliwa moyo Dar es Salaam, mshipa wa kifuani ukaungwa moyoni kupita pale palipoziba, akarudi analima kama kijana. Mwaka huu, balaa. Akiandika hukumu ndefu, naye ni mashoto, kifua kinambana, jasho linamtoka, anaahirisha. Washtakiwa wakaanza kumwomba Mungu kesi zao ziwe ndefu.

Hospitalini, daktari akatueleza kwamba ni jambo nadra sana. Mshipa unaolisha mkono ule umeziba kwa juu, basi mkono ukifanya kazi unavuta damu kwa mlango wa nyuma, kupitia mshipa ule ule ulioungwa. Akasema, "Mzee, mkono wako unauibia moyo."

Angetumia neno lingine lolote, tungekuwa tumeshapona! Hakimu akakaa wima kitandani: "Huo ni wizi wa mtumishi, kumwibia bwana wake."

Tiba ni kuuzibua huo mshipa. Fomu ya ridhaa iko mezani kwake tangu Februari. Kwa nini hajasaini? Ameamua kwamba mkono wa kushoto ni mtuhumiwa, hauwezi kusaini hati inayouhusu. Na wa kulia haujui kuandika. Dole gumba je? "Swaumu, dole gumba ni la washtakiwa!"

Ameahirisha mara nne. Mkewe, Mama Esteri, amebembeleza, amelia, amemwita padri. Nami nasema wazi, naogopa tutamzika na fomu safi kabisa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hii itaumiza moyo.

Mheshimiwa, tangu saa sita leo umestaafu. Huna tena mamlaka ya kuahirisha shauri lolote. Fomu hii hapa, wino huu hapa, mashahidi wamejaa ukumbi. Dole gumba la kulia, baba. Usisite, hata uliowafunga hawakusita hivi.

Bonyeza.

Haya. Mama Esteri, futa machozi, shika fomu. Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza. Makofi tupige sote, isipokuwa yeye na mwizi wake.