Kichupo cha Manjano cha Mama Tukuswiga

Bi. Tukuswiga Ambilikile, ambaye hapa ofisini hakuna anayethubutu kumtaja bila kutanguliza Mama, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuondoa mizigo ya watu forodhani, mpakani Tunduma. Aliyeandika haya alikaa naye dawati moja, kwa hiyo msitarajie uso mkavu.

Mama alianza enzi za taipureta na karatasi za kaboni, vidole vyeusi kutwa. Kompyuta zilipokuja alizipenda kupita kiasi. Kila mzigo aliufungulia kichupo chake, yaani ukurasa unaojipanga na wenzake juu ya skrini, na hakufunga hata kimoja. Ikifika saa nne asubuhi, vichupo vimebanana mpaka majina yamemezwa, vyote vya kijivu, vyote vina nembo ileile. Tulimwonya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo likaja sekeseke la vifaranga. Enesi, dada wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa ndiyo anaanza kufuga, alikuwa ametia mtaji wake wote kwenye maboksi ya vifaranga wa siku moja. Mama akajaza taarifa za mzigo wa Watson, muuza magodoro, kwenye kichupo cha Enesi, akatuma. Ofisa mpakani akasoma magodoro, akatega sikio, magodoro yanalia pyo-pyo! Gari likazuiwa juani. Enesi alikaa chini vumbini akalia, na Mama naye akalia huku anarekebisha. Sisi wengine tulibeba maboksi tukayapanga ofisini chini ya feni. Kibali kilipotoka vifaranga wote walikuwa wazima, na meneja wetu, Ndugu Lusubilo, alikuwa na mmoja mfukoni mwa koti bila habari.

Aibu ile ilimkumbusha Mama kwao Isongole. Siku ya gulio, magunia ya kijiji kizima hupakiwa lori moja, na kila familia hufunga kipande cha kitenge chao kwenye gunia ili watu wasigombane wakati wa kushusha. Kesho yake alimbana Fanuel, fundi wetu wa kompyuta, mpaka akamwonyesha namna ya kupanga vichupo kwa makundi ya rangi. Nyekundu ikawa ya mizigo iliyokwama, kijani ya iliyoruhusiwa, na manjano ya chochote kinachopumua, pamoja na kipicha cha kifaranga mbele yake. Kabla wiki haijaisha ofisi nzima ilikuwa inagombea rangi kama mawifi wanaochagua sare ya harusi. Tangu siku hiyo hakuna godoro lililolia tena.

Wengi mnaosoma hapa mlifundishwa kazi na Mama, na mkakemewa naye pia. Ofisi itapwaya, na mimi nitalia, nasema mapema.

Enesi, ambaye sasa ana mabanda matatu, amemtumia Mama jogoo. Yuko nyuma ya ukumbi huu tunamomuagia Mama, na mtamsikia hotuba zikirefuka. Ili asichanganywe na kuku wa pilau, amekuja na kitambaa cha manjano mguuni.

Asante, Mama, kwa kutufundisha, kutuchekesha na kutupenda. Nenda Isongole kwa amani na afya tele, ulale usingizi usiokatwa na simu za mpakani. Akuamshe jogoo tu.