Natale Ondoga, Aliyeshuka Farasi Wake Kwenye Mashamba ya Midia

Padri wetu, wazee wa Dadamu, ndugu zetu mliotoka Koboko juu ya lori la tumbaku, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Obeti, ndugu mdogo wa marehemu, familia imenichagua nisome historia yake, nami nitaisoma polepole, kwa sababu tangu Pasaka hili ni kaburi la pili tunalochimba katika boma hili, na mikono na sauti vimechoka pamoja.

Marehemu Natale Ondoga alizaliwa hapa Dadamu tarehe 25 Desemba 1934, ndiyo maana akabatizwa jina hilo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu na wa mama yetu Driwaru, huyu mnayemwona ameegemea jeneza. Alianza shule ya misheni mwaka 1943, akamaliza darasa la sita mwaka 1949, akarudi kuchunga ng'ombe wa baba, na kwa kuwa aliwajali ng'ombe kuliko alivyotujali sisi wadogo zake, mwaka 1955 alichukuliwa kwenda Entebbe kusomea kazi ya mifugo, akarudi mwaka uliofuata na sindano, kofia na maringo kidogo.

Alichanja ng'ombe hapa Arua, kisha kuanzia tarehe 1 Machi 1971 akahamishiwa Koboko, ambako watu walimwita dokta, naye hakuwakataza. Tarehe 18 Januari 1958 alifunga ndoa takatifu na Viktoria Ayikoru, wakajaliwa mabinti wawili, Pasca na Eyotaru, ambao wako hapa, na mtoto wa kiume aliyetutangulia akiwa mchanga.

Mwaka 1975 pikipiki ya kazi ilikosa mafuta na tairi, kuku wakaanza kutagia juu yake, ndipo marehemu akaenda kwa Mzee Fadhul, mfanyabiashara wa Koboko, akampa mafahali wawili na kuchukua farasi jike aliyeletwa kutoka Sudan. Tulimcheka sana. Juma la kwanza tu, baada ya mvua, alimkatisha farasi katika shamba la wimbi la Mama Hawah wa Midia, akidhani mnyama atapita kama mbuzi apitavyo, lakini kwato ziliacha mashimo yaliyojaa maji na miche ikalala humo, basi kesho yake akarudi kwa miguu na mbegu, akapiga magoti, akapanda upya shimo kwa shimo, huku Mama Hawah amemsimamia na jembe mkononi.

Tangu siku hiyo, ardhi ikilowa hakupanda farasi penye mashamba, alimwongoza kwa kamba, penye mazao alifuata ukingo hata kama njia inazunguka kilima kizima, penye ng'ombe alikwenda taratibu asiwatishe, mlango wa zizi aliuacha alivyoukuta, na akikuta mtu analima, hata mtoto, alishuka kwanza ndipo akamsalimu, kwa kuwa alisema salamu haitupwi kutoka juu. Kwa mtindo huo mtu wa miguu miwili alifika Midia kabla yake, na Mama Hawah, walipokwisha kupatana, alikuwa akimpigia kelele toka shambani, "Dokta, wewe iko na farasi na bado natembea na mguu? Hiyo farasi nabeba nini, jua?" Naye alimjibu kwamba mwenda pole hajikwai, methali ambayo leo inanichoma mdomo. Lakini hakuna boma lililomfungia njia, na chanjo ilifika hadi mazizi ya mpakani.

Jumatatu tarehe 2 Mei mwaka huu wa 1977, mvua ilikuwa imenyesha, marehemu akashuka penye shamba la Mama Hawah, akapita ukingoni kama kawaida yake, na humo majanini mama huyo alikuwa amesimika vijiti vilivyochongwa, vya kuzuia nguruwe pori wanaomaliza muhogo wake, kimoja kikapenya kandambili ya tairi na kuingia mguuni. Tarehe 10 taya lilianza kukaza, akaletwa hospitali hapa Arua, tukaambiwa ni pepopunda, na mtu aliyechanja ng'ombe wa wilaya nzima, yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Tangu jana vijana wa ukoo wanasema vijiti vile vilitegewa mtu, kwamba yule mama hakusahau wimbi lake, na wapo wanaonoa mapanga na kuuliza lori linarudi Koboko saa ngapi. Nami nina hasira, siwafichi, nilitamani sana kupata wa kumlaumu, kwa kuwa angebaki juu ya farasi wake kama bwana mkubwa, leo angekuwa hai. Lakini Jumatano nilikuwa kitandani kwake, meno yamebanana, akasema kwa Kiswahili ili na wauguzi wasikie, "Obeti, ule mama hana makosa. Miti iko ya nguruwe. Mimi ndiyo nilipita huko." Kwa hiyo ukoo wetu hauna neno na mtu, hatudai kitu Midia, na kijana atakayepanda lori lile na panga asirudi katika boma hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba kaburi na kupika, wenzake wa kazi walionunua sanda, na Mzee Fadhul aliyetafuta lori. Na tunamshukuru Mama Hawah, aliyemwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga kwa kitambaa cha kichwa chake, ambaye amekuja kwa lori hilo hilo na ameketi kule nyuma, karibu na banda la kuku, tangu asubuhi hakuna aliyempa hata maji. Mama, njoo mbele, utupe udongo kabla yangu, halafu kesho urudi ukapalilie wimbi lako, mvua haingojei matanga.

Natale, kaka yangu, sisi tumechoka na wewe ulichoka zaidi. Pumzika kwa amani.