Jina la Ishaq Katika Daftari la Hitima: Historia ya Bi Hamdiya binti Mutasim, 1951–2025

"Na ukimkuta kafia kanisani, Hamdiya, utatwambia nini?" aliuliza Bwana Badr, na dada yake, aliyekuwa na miwani moja machoni na nyingine kichwani, akamjibu, "Nitakwambia kafia kanisani. Wewe waogopa nini, kaka, mtu mwenyewe kafa hujazaliwa?" Bwana Badr akasema, "Ushastaafu mafaili ya wagonjwa, sasa wataka ya maiti," akainuka bila kumaliza kahawa yake, na hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Machi 2019, katika nyumba hii ya Azaiba, Maskati. Tunaanza na ugomvi huo juu ya Ishaq kwa sababu marehemu aliagiza usifichwe.

Marehemu Bi Hamdiya binti Mutasim alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, mtaa wa Malindi, Unguja, akiwa mtoto wa pili baada ya kaka yake Badr, akaingia skuli mwaka 1958, na mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, masomo yakakatika, familia ikahamia Mombasa, na Septemba 1972 wakafika Maskati. Tarehe 2 Februari 1974 aliajiriwa katika chumba cha mafaili ya wagonjwa cha hospitali moja ya hapa mjini, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 2006. Aliolewa na Bwana Aflah tarehe 21 Agosti 1975, wakajaliwa watoto wawili, Alaa mwaka 1977 na Afra mwaka 1980, na Bwana Aflah akatangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Mliowahi kuhudhuria hitima za ukoo huu mnajua kwamba kabla ya dua husomwa majina ya waliotutoka, kutoka daftari linalotunzwa na mwanamume mkubwa wa ukoo, ambaye sasa ni Bwana Badr, na kwamba jina la Ishaq, babu wa babu yao, halimo. Ishaq aliondoka Unguja mwaka 1849, akiwa na miaka ishirini na miwili, akachukuliwa ubaharia katika merikebu ya matanga ya Wamarekani, iliyoleta nguo za merikani na kuondoka na pembe na sandarusi, kwa kuwa baharia wao mmoja alikufa kwa homa, akamwacha mkewe mja mzito, wala hakurudi. Mama yake, Bi Thuwaiba, alikataza jina la mwanawe lisisomwe pamoja na ya maiti mpaka ije habari yake, akafa akingoja, katazo likabaki. Bi Hamdiya alisema mtu huyo haombewi kama mzima wala kama maiti, na kwamba yeye hatakubali kufa kabla ya kulisikia jina hilo likisomwa.

Akaandika barua kwa maktaba na nyumba za kumbukumbu za pwani ya Amerika, moja baada ya nyingine, kwa miaka mitano, na tarehe 11 Novemba 2024 akapata nakala za kurasa mbili. Ya kwanza ni cheti cha baharia Ishaq wa Zanzibar, mwenye kovu la moto chini ya goti la kushoto, kovu ambalo ukoo wote umesimuliwa, kwamba alipokuwa mdogo aliangukia jiko la mkaa. Ya pili inaonyesha kwamba baada ya kuvuka Atlantiki alibaki bandarini huko huko, akasokota kamba za meli, akafa kwa ugonjwa wa kifua tarehe 3 Januari 1871. Nafasi ya dini haikujazwa.

Maradhi ya figo yalimwanza Bi Hamdiya Juni 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mjukuu wake Aya, anayewasomea historia hii, aliacha skuli mwaka 2023 ili awe anampeleka hospitali.

Januari mwaka huu Bi Hamdiya alimwita Bwana Badr, ambaye alizisoma kurasa zote mbili, akaweka kidole penye ile nafasi tupu, akasema, "Hapa hapana kitu. Basi hatujui."

"Kaka, faili likiwa na nafasi tupu, twafuata maandishi ya mwisho tuliyonayo. Na ya mwisho, alivyosimulia Bi Thuwaiba, ni kuwa kaondoka kwa mamake kashaswali alfajiri."

"Hii si hospitali, Hamdiya," akasema Bwana Badr, akaenda zake, wala hawakuonana tena.

Bi Hamdiya alifariki Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, saa tano asubuhi, hapa nyumbani, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Hapakuwa na kelele, mtu alizima jiko, mwengine akaliwasha, kisha likazimwa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Azaiba, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Namusoke, dada yetu kutoka Uganda aliyemhudumia humu ndani, ambaye mpaka leo anaziweka mezani dawa za saa mbili, na hakuna kati yetu aliyemwambia aziondoe. Mola amsamehe marehemu, ampe nafasi kaburini. Pumzika, bibi, barua zako zimeshajibiwa.

Historia hii ilikuwa iishie hapo, lakini asubuhi ya leo, siku ya tatu, kabla hamjafika, Bwana Badr alikuja, akasimama kwenye mlango wa wanawake, hakuingia, daftari la hitima limefunuliwa mkononi mwake, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nani ana kalamu? Nna majina mawili ya kuandika."