Sumaku ya Kaz Wojtala

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mtu aliyeitwa mlalamishi kwa miaka ishirini na tisa. Casimir Wojtala, Kaz, fundi wa bodi za magari hapa mjini Hamtramck. Tulimzika Jumanne.

Kaz hakutoka nyumbani bila sumaku kwenye mfuko wa shati. Mafundi wa bodi mnaelewa. Rangi nzuri hudanganya macho. Sumaku ikinata, chini ni chuma. Ikianguka, kuna kitu kingine kimefichwa, mara nyingi chepesi kuliko chuma.

Turudi Agosti 1962. Nilikuwepo, na sijasahau. Mtaa mzima ulikuwa ukibishana: Impala au Galaxie? Magari yote mawili marefu kama sebule. Kaz alikuwa na Impala nyekundu, injini ya 409. Delmar Stuckey, muuzaji magari, alikuwa na Galaxie nyeupe, injini ya 406. Sharti lilikuwa moja: gari liwe vilevile lilivyotoka kiwandani. Mbio za robo maili, mara moja tu.

Sote tulijua Impala huchomoka mapema, na Galaxie ni nzito kuondoka, hukolea mbele. Siku ile Galaxie ilichomoka kana kwamba nusu yake imebaki nyumbani. Impala ikashindwa kwa urefu wa boneti. Boneti, wasikilizaji. Lishikeni neno hilo.

Kaz alimfuata Delmar, sumaku mkononi.

"Niiweke hapo mbele mara moja, kisha nikupe mkono niende zangu."

"Utanichubulia rangi."

"Nitaivisha leso."

"We Kaz, umeshindwa na gari, sasa unagombana na bati?"

"Kama ni bati, unaogopa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji wa mbio akasema ameigonga boneti kwa kidole, ni chuma. Jaji huyo alikuwa shemeji yake Delmar. Nasema tu.

Klabu yetu ya magari ikamfuta Kaz uanachama. Wateja wakampa jina: Sumaku. Kila Agosti alikwenda kwa Delmar kuomba aipime Galaxie. Kila Agosti Galaxie ilikuwa chini ya turubai. Binti yake Kaz, Bernadine, aliniambia: "Baba hakutaka kombe. Alitaka mtu mmoja amwambie kwamba hakusema uongo."

Jumanne, mbele ya kanisa, nani anafika? Delmar, na Galaxie nyeupe, imeng'arishwa, rangi ileile ya zamani yenye nyufa. Eti aongoze msafara, kumuenzi mpinzani. Nikajiuliza: miaka yote turubai, kwa nini leo?

Bernadine hakujiuliza. Alifungua mkoba, akaivisha sumaku ya baba yake leso, akaiweka juu ya boneti.

Iliteleza, ikaanguka kwenye lami.

Akaiokota. Akaiweka kwenye mlango wa gari, na leso yake vilevile. Ikanata.

"Haijachubuka, Bwana Stuckey," akasema.

"Binti, leo si siku ya mambo haya."

"Hata baba ulimwambia hivyo. Kila Agosti."

Sasa najua kwa nini turubai lilitoka. Delmar alidhani sumaku imo ndani ya jeneza.

Pole, Bernadine. Pole, mama yake, Wanda. Nanyi mliokuwepo siku ile, kaeni leo mfikirie mlimcheka nani, na kwa ushahidi wa nani. Nami nitafikiri. Nilisema sijasahau, wasikilizaji wapendwa. Sijasahau pia kwamba nilicheka.